Coronation Street: Miaka 65 ya Mtaa Uliotunza Kumbukumbu Zake (1960–2025)

Dibaji

Saa 1 usiku, Ijumaa tarehe 9 Desemba 1960, kampuni ya Granada Television ya Manchester ilirusha hewani, moja kwa moja kutoka studio zake za Quay Street, sehemu ya kwanza ya tamthilia iliyoagizwa iwe na sehemu 13. Tamthilia hiyo iliitwa Coronation Street. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 65 ikiwa bado hewani, na tangu 2010 Guinness World Records inaitambua kuwa tamthilia ya mfululizo ya televisheni iliyodumu muda mrefu kuliko zote zinazoendelea duniani.

Umri huo ni fahari, lakini taasisi hii ina hazina nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kanda zake. Granada ilizihifadhi sehemu za Coronation Street tangu ile ya kwanza, wakati ambapo vituo vingi vilikuwa vikifuta kanda ili kurekodia mambo mengine. Kwa sababu hiyo, historia hii inaweza kuandikwa kwa kuzitazama upya sehemu za zamani. Ahadi ya mwanzo ilikuwa kuwaonyesha watu wa kawaida wa kaskazini mwa Uingereza jinsi walivyo. Kanda ndizo zinazotuonyesha ahadi hiyo ilitimizwa lini na ilipungua wapi.

Haja ya kuanzishwa, 1954–1960

Sheria ya Televisheni ya 1954 ilivunja ukiritimba wa BBC na kuruhusu televisheni ya biashara. ITV ilianza kurusha matangazo London mnamo Septemba 1955. Granada, chini ya Sidney Bernstein, ilipewa leseni ya kaskazini na ikaanza kazi tarehe 3 Mei 1956.

Tamthilia za televisheni za wakati huo zilikuwa na lafudhi ya London na sebule za watu wenye nafasi. Mfanyakazi wa kiwandani, au mama wa Salford mwenye kilemba na aproni, alipoonekana, mara nyingi alikuwa mtumishi wa nyumbani au mtu wa kuchekwa. Mamilioni ya watu wa Lancashire na Yorkshire walikuwa wamenunua runinga wasimojiona.

Pengo hilo lilizibwa na kijana wa huko huko. Tony Warren alizaliwa mwaka 1936, akakulia jirani na Salford, na alikuwa ameigiza tangu utotoni. Alikuwa mwandishi wa miswada Granada alipobuni hadithi ya mtaa mmoja wenye nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, baa mwanzoni na duka mwishoni, katika mji wa kubuni wa Weatherfield. Mfano wake mmojawapo ulikuwa Archie Street, mtaa halisi wa Ordsall, Salford. Jina la kwanza la tamthilia lilikuwa Florizel Street. Inasimuliwa kwamba mama mmoja aliyewapikia chai wafanyakazi wa studio alisema jina hilo linasikika kama dawa ya kusafishia choo, likabadilishwa.

Wakuu wa kampuni hawakushawishika. Aliyeipigania kazi hii ni Harry Elton, mtayarishaji kutoka Kanada. Baada ya kurekodiwa majaribio, Elton alisambaza runinga katika jengo la Granada na kuwaomba wafanyakazi wa ngazi zote watazame na kujaza fomu za maoni. Kuna walioipenda mno na kuna walioichukia mno. Kampuni ikakubali kujaribu.

Mwanzo na majaribu, 1960–1964

Anayeitazama leo sehemu ya kwanza hukutana na duka linalobadili mikono: Elsie Lappin anamkabidhi Florrie Lindley funguo na kumwonya kuhusu wateja. Ena Sharples, mtunzaji wa ukumbi wa misheni aliyeigizwa na Violet Carson, anaingia dukani na kumhoji mgeni dini yake kabla hajanunua kitu. Katika nyumba nyingine, Elsie Tanner wa Pat Phoenix anagombana na mwanawe Dennis kuhusu pesa. Kwa akina Barlow, kijana Ken anasoma chuo kikuu na anaona haya jinsi baba yake anavyokula, huku mdogo wake David akitengeneza baiskeli sebuleni.

Onyesho hilo la mwisho ndilo kiini cha taasisi yote. Sheria ya elimu ya 1944 ilikuwa imewafungulia watoto wa wafanyakazi milango ya shule za sekondari, na kizazi cha kwanza kilikuwa kinarudi nyumbani na vitabu vilivyowatenga na wazazi wao. Warren aliiweka hali hiyo yote kwenye meza ya chakula, pasipo hotuba. William Roache, aliyemwigiza Ken usiku ule, bado anamwigiza hadi leo. Guinness World Records inamtambua kuwa mwigizaji aliyedumu muda mrefu kuliko wote katika tamthilia ya aina hii.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Sehemu ya Ijumaa ilirushwa moja kwa moja, na mara ikimalizika waigizaji walibaki kurekodi sehemu ya Jumatano. Mawe ya barabara yalikuwa yamechorwa kwenye sakafu ya studio. Mhakiki wa gazeti la Daily Mirror alitabiri kwamba tamthilia isingevuka wiki tatu. Badala yake, mwaka 1961 ilienea katika mtandao wote wa ITV, ikahamia Jumatatu na Jumatano, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa ikiongoza kwa idadi ya watazamaji.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuwa mgomo wa chama cha waigizaji cha Equity, kuanzia Novemba 1961 hadi Aprili 1962. Ni waigizaji wapatao 14 tu, waliokuwa na mikataba ya muda mrefu, walioweza kuendelea. Sehemu za miezi hiyo zina mtaa mtupu usio na postamani, muuza maziwa wala watoto. Waandishi walilazimika kutegemea mazungumzo ya watu wachache ndani ya vyumba vidogo, na ustadi huo wa mazungumzo ukabaki kuwa alama ya tamthilia hata baada ya mgomo.

Mei 1964 Martha Longhurst, mmoja wa wanawake watatu wazee wa chumba kidogo cha baa ya Rovers Return, alifariki akiwa ameketi mahali pake pa kawaida. Watazamaji walijifunza kwamba hakuna aliye salama katika mtaa huu. Mwaka huo huo walihamia Stan na Hilda Ogden, walioigizwa na Bernard Youens na Jean Alexander.

Matofali na rangi, 1965–1975

Mwaka 1968 mtaa ulipata sura ya nje. Seti ilijengwa karibu na studio, kwanza kwa mbao, na baadaye ikatiwa matofali. Novemba 1969 picha za rangi zilianza. Hata hivyo, anayefuatilia kanda za majira ya baridi ya 1970 na 1971 hukuta rangi imetoweka ghafla. Mafundi wa ITV walikuwa katika mzozo wa malipo na wakagoma kutumia mitambo ya rangi, kuanzia Novemba 1970 hadi Februari 1971.

Soko la nje nalo lilipanuka. Mwaka 1971 Granada iliuza sehemu 1,144 kwa mkupuo kwa kituo cha CBKST cha Saskatoon, Kanada, mauzo yaliyoingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mauzo kama hayo yaliwezekana kwa sababu kanda zilikuwapo. Tamthilia iliyofutwa haina cha kuuza.

Januari 1971 Valerie, mke wa Ken, alifariki kwa kupigwa na umeme wa kifaa cha kukaushia nywele. Katika muongo huo waliingia au kurejea wahusika waliobeba mtaa kwa vizazi: Bet Lynch nyuma ya kaunta ya baa, Rita, Deirdre, na mwaka 1974 Gail, aliyeigizwa na Helen Worth kwa miaka 50 hadi Desemba 2024.

Enzi ya Bill Podmore, 1976–1988

Bill Podmore alipochukua utayarishaji mwaka 1976, aliirudishia tamthilia kicheko. Alitoka katika vichekesho, na aliamini kwamba msiba humgusa zaidi mtazamaji aliyekwisha kucheka na mfiwa. Januari 1978 Ernest Bishop aliuawa kwa risasi katika wizi wa mishahara kiwandani, na aliyebaki mjane, Emily, alikuwa miongoni mwa watu wapole kabisa wa mtaa. Mgomo wa ITV wa 1979 uliiondoa tamthilia hewani kuanzia Agosti hadi Oktoba.

Tarehe 27 Julai 1981 Ken alimuoa Deirdre, siku mbili kabla ya harusi ya Prince Charles na Diana. Mapema 1983 ndoa hiyo ilitikiswa na uhusiano wa Deirdre na mwanamume mwingine, Mike Baldwin. Deirdre alipoamua kubaki na mumewe, habari zilitangazwa kwenye ubao wa matokeo wa uwanja wa Old Trafford wakati Manchester United ikicheza na Arsenal.

Mei 1982 Malkia Elizabeth II alizindua seti mpya iliyojengwa kwa matofali yaliyookolewa kutoka nyumba za Salford zilizobomolewa. Jambo hili lina uzito wake. Serikali za mitaa zilikuwa zimebomoa mitaa ya aina ile kwa miaka mingi, ikiwemo Archie Street yenyewe. Wakati mtaa wa kubuni unapata kuta za kudumu, mitaa halisi iliyoufinyanga ilikuwa imetoweka.

Miaka hiyo pia iliwaondoa waasisi. Violet Carson alionekana kwa mara ya mwisho 1980, Doris Speed wa Rovers Return 1983, Pat Phoenix 1984. Bernard Youens alifariki Agosti 1984. Novemba mwaka huo Stan Ogden naye alifariki kwenye tamthilia, na Hilda akarudi nyumbani na kifurushi cha vitu vya mumewe kutoka hospitali. Alikifungua, akakuta miwani, akalia. Onyesho hilo ni la mama mmoja na meza moja, na mpaka leo hutajwa miongoni mwa uigizaji bora kabisa katika historia ya televisheni ya Uingereza. Kuaga kwa Hilda, siku ya Krismasi 1987, kulitazamwa na watu zaidi ya milioni 26, kwa kujumlisha urushaji wa kwanza na marudio.

Upanuzi, 1989–2009

Ushindani ulikuwa umeongezeka tangu BBC ilipoanzisha EastEnders mwaka 1985. Oktoba 1989 Coronation Street iliongeza sehemu ya tatu kwa wiki. Upande wa pili wa mtaa, uliokuwa na kiwanda na ukumbi wa jumuiya, ulibomolewa ukajengwa nyumba na maduka mapya. Desemba 1989 Alan Bradley, aliyemtesa Rita, aligongwa na tramu Blackpool. Sehemu ya nne iliongezwa 1996, na ya tano 2002.

Mwaka 1998 Deirdre alifungwa kwa kosa alilolifanya tapeli aliyemhadaa, na kampeni ya kudai aachiwe ilivuka mipaka ya hadithi hadi Waziri Mkuu Tony Blair akatoa kauli. Mwaka huo huo aliingia Hayley, aliyeigizwa na Julie Hesmondhalgh, mhusika wa kudumu wa kwanza aliyebadili jinsia katika tamthilia ya mfululizo ya Uingereza. Ndoa yake na Roy Cropper iligeuka kuwa mojawapo ya ndoa zilizopendwa kuliko zote mtaani.

Tarehe 8 Desemba 2000 tamthilia iliadhimisha miaka 40 kwa saa nzima ya matangazo ya moja kwa moja, naye Prince Charles akashiriki kwa ufupi.

Makao mapya na nyakati mpya, 2010–2025

Mwaka 2010 ulileta picha za ubora wa juu na, tarehe 9 Desemba, saa moja ya matangazo ya moja kwa moja baada ya tramu kuanguka mtaani. Mwanzoni mwa 2014 kazi ilihamia Trafford Wharf, kandokando ya MediaCityUK, kwenye seti kubwa zaidi. Januari mwaka huo Hayley, akiugua saratani ya kongosho, alijitoa uhai. Sehemu hiyo iliamsha mjadala wa taifa kuhusu haki ya kufa ya mgonjwa asiye na matumaini ya kupona. Tony Warren alifariki tarehe 1 Machi 2016, na Septemba 2017 sehemu ya sita iliongezwa.

Sehemu ya 10,000 ilirushwa tarehe 7 Februari 2020. Wanamtaa walipanda basi kwenda Blackpool na Rita, aliyebeba majivu ya Dennis Tanner, yule kijana aliyegombana na mama yake usiku wa kwanza. Wiki chache baadaye janga la korona lilisimamisha kurekodi. Akiba ya sehemu zilizokuwa tayari iligawanywa ili zitoshe, na Juni kazi ikarejea, waigizaji wakikaa mbali na wenzao.

Awamu za uongozi

| Awamu | Kiongozi na wadhifa | Mchango mkuu |
|---|---|---|
| 1960 | Tony Warren, mbunifu. Harry Elton, mtetezi ndani ya Granada | Wazo, wahusika wa kwanza, idhini ya kampuni |
| 1960–1961 | Stuart Latham, mtayarishaji wa kwanza | Utaratibu wa sehemu mbili kwa wiki |
| Miaka ya 1960 na 1970 | H. V. Kershaw, mhariri wa miswada, kisha mtayarishaji kwa awamu kadhaa | Kuendeleza sauti ya Warren baada ya miaka ya mwanzo |
| 1976–1988, kwa vipindi | Bill Podmore, mtayarishaji | Uwiano wa kicheko na msiba |
| 1997–1998 | Brian Park, mtayarishaji | Kasi mpya na kuingia kwa Hayley |
| 2010–2012 | Phil Collinson, mtayarishaji | Maadhimisho ya miaka 50 |
| 2016–2018 | Kate Oates, mtayarishaji | Sehemu sita kwa wiki |
| 2018–2024 | Iain MacLeod, mtayarishaji | Sehemu ya 10,000, kazi wakati wa korona, familia ya Bailey |

Huduma kwa jamii na kwa sanaa

Coronation Street imekuwa shule ya waandishi. Adele Rose, mwanamke wa kwanza kuiandikia, alijiunga 1961 na akaandika zaidi ya sehemu 400. Jack Rosenthal aliiandikia zaidi ya mia moja kabla ya kujulikana kwa tamthilia zake binafsi. Paul Abbott na Sally Wainwright walipitia meza hiyo hiyo. Hadithi hupangwa katika vikao ambamo waandishi hubishana mbele ya mtayarishaji, na mtunza kumbukumbu huwa karibu kuwakumbusha nani aliwahi kumuoa nani, na ndugu gani aliyehamia ng'ambo bado yu hai.

Imekuwa pia mlango wa huduma. Mei 2018, katika hadithi ya kujiua kwa Aidan Connor, watayarishaji walishauriana na shirika la Samaritans, na baada ya sehemu hiyo namba za simu za msaada zilitangazwa. Utaratibu huo sasa ni wa kawaida kila hadithi inapogusa ugonjwa, unyanyasaji au msongo wa akili.

Hifadhi ya kanda na faida ya kurudi nyuma

Katika miaka ya 1960 utepe wa video ulikuwa ghali, na ulitumika tena na tena. Ndiyo sababu sehemu nyingi za Doctor Who za muongo huo zimepotea. Sehemu za Coronation Street zilisalimika, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 1996 idhaa ya Granada Plus ilianza kuzirusha upya kwa mfululizo, ikianzia zile za 1976, hadi ilipofungwa 2004. Oktoba 2017 ITV3 iliichukua kazi hiyo kwa kuanzia na sehemu za 1986, mbili mbili kila alasiri ya siku za kazi.

Anayezifuatilia kwa mpangilio anapata kumbukumbu ambayo vitabu vya historia havina nafasi ya kuiandika: namna moto wa makaa unavyowashwa asubuhi, choo cha uani, bei ya mkate katika shilingi na peni kabla ya sarafu kubadilishwa Februari 1971, moshi wa sigara ndani ya baa hadi ulipopigwa marufuku England mwaka 2007, na lafudhi ya wazee waliozaliwa enzi ya Malkia Victoria. Anaona pia wanawake wakishika funguo za baa, duka na kioski cha magazeti, wakati ambapo tamthilia nyingine ziliwaweka pembeni.

Kanda zinaonyesha mapungufu kwa uwazi ule ule. Manchester na Salford zilikuwa na wahamiaji wa Karibi na Asia Kusini tangu miaka ya 1950, lakini mtaa huu uliwaacha nje kwa miaka mingi. Mwaka 1963 kondakta mweusi wa basi, Johnny Alexander, alionekana kwa sehemu chache katika hadithi iliyohusu ubaguzi wa rangi, kisha akaondoka. Mhusika mweusi wa kudumu, Shirley Armitage, fundi cherehani wa kiwandani, alianza 1983. Dev Alahan, mwenye duka, aliingia 1999. Familia ya kwanza ya Kiislamu, akina Nazir, ilihamia 2014, na familia ya kwanza ya watu weusi, akina Bailey, 2019. Ahadi ya kuonyesha watu wa kaskazini jinsi walivyo ilichukua zaidi ya nusu karne kuwafikia wote, na ushahidi wa kuchelewa huko umo katika hifadhi hiyo hiyo.

Jedwali la hatua muhimu

| Tarehe | Hatua |
|---|---|
| 9 Desemba 1960 | Sehemu ya kwanza yarushwa |
| 1961 | Yaenea mtandao wote wa ITV na kuongoza kwa watazamaji |
| Nov. 1961–Apr. 1962 | Mgomo wa Equity |
| 1968 | Seti ya kwanza ya nje |
| Novemba 1969 | Picha za rangi |
| 1971 | Sehemu 1,144 zauzwa Saskatoon |
| 5 Mei 1982 | Malkia Elizabeth II azindua seti ya matofali |
| 25 Desemba 1987 | Hilda Ogden aaga |
| Oktoba 1989 | Sehemu ya tatu kwa wiki |
| 1 Oktoba 1996 | Granada Plus yaanza kurudia sehemu za zamani |
| 2010 | Guinness yaitambua kuwa ndefu kuliko zote zinazoendelea |
| 2014 | Yahamia Trafford Wharf |
| Oktoba 2017 | ITV3 yaanza kurudia sehemu za kuanzia 1986 |
| 7 Februari 2020 | Sehemu ya 10,000 |

Hitimisho

Taasisi hii iliajiri vizazi vya mafundi, waandishi na waigizaji wa kaskazini nyumbani kwao, na iliwapa watazamaji wa nchi nzima sababu ya kuketi pamoja. Huduma yake ya kudumu zaidi, hata hivyo, ni uamuzi wa kutofuta. Ilikubali kazi zake za jana zionekane zote, zilizo bora na zilizo dhaifu, na hivyo ikaacha mizani ambayo wengine wataipimia. Sehemu zinazorekodiwa Trafford Wharf leo nazo zitatazamwa upya miaka 30 ijayo, na watazamaji wa wakati huo watauliza swali ambalo Tony Warren aliliuliza mwaka 1960: ni nani anayeishi katika miji hii, na je, tumemwona?